Balisong ya Taal kwenye meza ya mchonga milango

Mpwa wangu ni baharia wa meli za mizigo, na kwenye meli hizo Wafilipino huwakosi. Rafiki yake mmoja kwao ni Batangas, kusini mwa Manila. Mwaka jana meli yao ilipotia nanga huko akanipigia simu: "Shikamoo, mjomba. Weka kiganja chako juu ya karatasi, kizungushie kalamu, laza na rula kando yake, kisha nitumie picha." Nikamuuliza kiganja changu anakitakia nini. Akasema yuko Taal, kwenye kitongoji kiitwacho Balisong, mbele ya fundi anayefua visu vya jina hilohilo, na fundi hataki kuwasha moto kabla hajauona mkono.

Nilimpenda fundi yule papo hapo. Mimi ni mchonga milango, kibanda changu kiko mtaa wa Langoni, hapa Lamu, na kwa miaka thelathini na zaidi sijapata kushika patasi iliyotengenezwa kwa ajili ya mkono wangu. Hununua ya dukani, nikautupa mpini, nikachonga mwingine. Fundi akaniuliza mambo mawili zaidi kupitia kwa mpwa wangu: utakata nini, na je, kiganja chako hutoka jasho? Nikajibu kwamba nitakata kamba, ngozi, karatasi za nakshi na maembe, na nitachorea mstari juu ya mbao. Na jasho, ndiyo, jingi, tena lenye chumvi ya bahari.

Kisu kilinifikia mwezi wa Novemba. Sasa ni Julai. Nimekitumia karibu kila siku ya kazi, nimekiharibu kwa mikono yangu na nimekitengeneza kwa mikono hiyohiyo, kwa hiyo nadhani nina haki ya kukisemea.

Kwa ambaye hajapata kuiona, balisong ni kisu cha kukunja chenye mipini miwili myembamba badala ya mmoja. Kila mpini umechimbwa mfereji ndani. Kikifungwa, mipini hukutana na kuumeza ubapa wote, mgongo ukaingia mfereji huu na makali yakaingia mfereji ule. Kikifunguliwa, kila mpini huzunguka kwa upande wake mpaka nyuma, ikakutana tena kiganjani, na ubapa ukabaki uchi mbele. Ndani hamna springi wala kufuli. Kwenye msuka, pale ubapa unaposhikana na mipini, kuna pini mbili fupi zilizotokeza pembeni. Moja huizuia mipini kisu kikiwa kimefunguliwa, nyingine kikiwa kimefungwa. Ukibana mipini mkononi, inaikaza pini, na kadiri unavyobana ndivyo ubapa unavyokataa kutikisika. Kinachokifunga kisu ni ngumi ya mwenyewe.

Hili lilinigusa kwa sababu ya kazi yangu. Mlango wetu wa Lamu una mbao mbili, ya kulia dume na ya kushoto jike, na katikati unasimama mfaa, uliopigiliwa kwenye ubao mmoja tu. Anayejua mlango anajua ubao upi wa kuanza kuufungua. Balisong nayo ni hivyo. Mipini inafanana kwa macho lakini haifanani kwa kazi. Mmoja ni wa mgongo, huo ndio wa kushika unapokizungusha, maana ubapa ukikurudia vidoleni unakurudia kwa upande butu. Wa pili ni wa makali, na ukiushika huo kwa kukosea, kisu kinarudi kukukata. Komeo dogo linaloifunga mipini pamoja limewekwa kwenye mwisho wa mpini wa makali, ili kidole kikiligusa gizani kijue kimeshika pasipo. Mtu aliyewaza hivyo alikuwa amekatwa mara nyingi, au alikuwa na mwanafunzi aliyemwonea huruma.

Vipimo vya changu, kwa wanaotaka hesabu: kikiwa wazi ni sentimita 25, kikifungwa 14, ubapa wenyewe 11. Huko kwao kipimo cha kale kina jina la Kihispania, veinte nueve, yaani ishirini na tisa, kwa sababu ya sentimita 29 za kisu kilichofunguliwa. Changu ni kifupi kuliko hicho, kwa kuwa kiganja changu si kikubwa, na fundi alifuata karatasi.

Ubapa kwanza. Umefuliwa kwa chuma cha beringi kubwa, ile pete ya nje, ikanyooshwa motoni na kutiwa maji. Mafundi wa Batangas wana desturi ya kufua kwa beringi na springi za magari, na wanajua wanachofanya. Chuma cha beringi kina kaboni kama asilimia 1 na kromi kama asilimia 1.5, hivyo kinakubali makali membamba na kinayashika, lakini kromi hiyo haitoshi kukikinga na kutu. Mtu wa bara anaweza asilitambue jambo hili. Mimi nilikata embe usiku mmoja, nikakiweka mezani bila kukifuta, na asubuhi ubapa ulikuwa na madoa meusi kama karatasi iliyoungua. Yalitoka kwa jivu na ndimu, lakini alama zimebaki. Kwa hewa yetu, anayeagiza balisong achague moja: ama akubali kukifuta kisu kila jioni na kukipaka mafuta, ama amwombe fundi feleji yenye kromi nyingi, kama ile iitwayo 440C, yenye kromi asilimia 16 hadi 18. Mimi nimechagua kufuta. Chuma hiki kinanoleka juu ya kinoo changu cha kawaida kwa dakika chache, na nikikipitisha kwenye unyoya wa mkono unaanguka.

Umbo lake niliomba mwenyewe: mgongo ulionyooka, makali yaliyonyooka, ncha kali isiyopinda. Ndivyo kinavyotakiwa kisu cha kuchorea mstari. Fundi angeweza kunipa umbo lolote. Mpwa wangu alinitumia picha za ukuta wake, pana vyenye tumbo kama panga dogo, vyenye mawimbi mfano wa kris, lile jambia la Kimalei, na vilivyochongoka pande zote mbili kama fumo. Vinapendeza. Ila ubapa wa mawimbi utaunoa wapi? Nilichokipata kina mgongo wa milimita 4 kwenye shina, unaopungua polepole hadi karibu 2 kabla ya ncha, na nyuso zimesuguliwa bapa, si za kuchimbika. Kasoro niliyoikuta ni mabega ya makali. Nyuma tu ya ukingo chuma kilikuwa kinene mno. Kilikata kamba vizuri lakini kwenye ubao kikawa kinapasua badala ya kukata. Niliyapunguza mabega yale kwa kinoo jioni tatu, na tangu hapo kinaingia kwenye mbambakofi kama kisu cha kazi. Fundi simlaumu sana, maana makali mazito hayameguki, na yeye hakuwa na ubao wangu mbele yake.

Komeo ndilo lililoniudhi. Ni kipande cha shaba chenye umbo la herufi T, kinaning'inia huru. Unapokizungusha kisu ili kukifunga, komeo likianguka kwa ndani linayagonga makali. Wiki ya kwanza likayatoboa pengo dogo katikati ya ubapa, mahali pamoja, kila mara. Kwa kisu kilichopimwa kwa mkono wa mtu hili halikupaswa kupita. Tiba yake ni ndogo: nilifunga kisimamizi, kijipande cha shaba kilichochongwa kwa tupa, ndani ya mwisho wa mpini, komeo likigota hapo haliwezi kugeukia ndani tena. Kazi ya nusu saa. Nilipomwambia mpwa wangu akacheka kwa furaha, akasema mafundi wengi wa siku hizi huweka kisimamizi tangu mwanzo, na wengine wameliondoa komeo kabisa.

Sasa mipini, na hapa nitakaa, kwa sababu kisu hiki ni mipini yake.

Kuna njia mbili za kuiunda. Ya kwanza ni ya mtumbwi: unachukua kipande kimoja kizima, unakichimba mfereji, basi. Ya pili ni ya mashua: unapanga bapa mbili, unatia vipande vya kati kama mataruma, unaunganisha kwa skrubu au ribiti. Mtumbwi ni mgumu zaidi na haulegei viungo. Mashua ni rahisi kuitengeneza na unaweza kubadili ubao mmoja bila kugusa mwingine. Mipini yangu ni mtumbwi wa shaba ya njano, na pande za nje za kila mmoja zimechimbwa madirisha mawili marefu, ndani yake mkapachikwa pembe nyeusi la nyati wa majini wa kwao, likakazwa kwa pini ndogo za shaba na kusuguliwa hadi likalingana na shaba. Kazi ya njumu, tungesema sisi. Miisho ya mipini imetanuliwa kidogo kama mkia wa samaki ili mkono wenye jasho usichopoke. Kingo zimepigwa mikato midogo ya tupa, kumi na moja kila upande, nimezihesabu, na zimeanza na kuishia pale kidole gumba changu kinapolala. Si pale kidole gumba cha mtu yeyote kinapolala. Nilikiweka kisu juu ya ile karatasi niliyochora, nikaona mikato inaanza sawasawa na mstari wa kalamu.

Pembe hilo lina habari yake. Wengi wa kwao husimulia kwamba jina balisong limetokana na maneno ya Kitagalogi yenye maana ya pembe lililovunjwa, maana sungay kwao ni pembe. Iwe ndivyo au sivyo, pembe na kisu hiki ni jamaa wa zamani.

Na mimi nikalitoa. Ilikuwa Februari, kaskazi imekauka, nami nina magogo ya mbambakofi yaliyokaa darini miaka minne. Nikasema, mtu ambaye maisha yake ni mbao atatembeaje na kisu kisicho na ubao? Nikazitoboa pini kwa keekee, nikayatoa mapembe manne. Matatu yakatoka mazima, la nne likapasuka. Nikachonga vibao vinne, nikavipachika, nikavipaka mafuta ya nazi, na rangi ile nyekundu ya mbambakofi kando ya shaba ilikuwa nzuri mno. Wenzangu walikuja kukiangalia kutoka vibanda vya jirani.

Lakini kisu kilikuwa kimekufa. Sikuelewa mara moja. Kilikata vilevile, ila nilipokifungua, mpini uliokuwa ukizunguka na kufika mwenyewe ulichelewa, na mwingine ukawahi. Nikakipeleka kwa sonara Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, akipime kwenye mizani ya dhahabu. Na pembe nilikuwa nimekipima gramu 236. Na ubao kikawa 228. Gramu nane tu! Lakini gramu hizo zilitoka zote kwenye mipini, na mipini ndiyo inayozunguka. Isitoshe, vibao vyangu havikulingana: viwili vilitoka kwenye moyo wa gogo, viwili karibu na ganda, na moyo ni mzito kuliko ganda. Kila fundi mbao analijua hilo. Mimi nalijua tangu utotoni, na sikuliwaza, kwa sababu kwenye mlango gramu mbili hazina maana. Fundi wa Taal alikuwa ameyapima mapembe yale manne, naamini hivyo, moja dhidi ya jingine, hadi pande mbili zikawa ndugu pacha.

Masika yalimalizia. Mwezi wa Mei mvua ilipokaza, ubao ukavimba na kuinuka juu ya shaba kwa unene wa unywele. Kwa macho huoni. Kwa kiganja, ukikata kamba kwa muda wa kusali rakaa mbili, unajua. Nilipata lengelenge kwenye kisu kilichochongwa kwa kufuata mkono wangu, na lengelenge hilo niliisababisha mimi.

Juni nikarudisha pembe. Matatu ya asili yalikubali. Kwa la nne nilikwenda machinjioni kuomba pembe la ng'ombe, nikalichemsha kwenye sufuria mpaka likalainika, nikalibana kwa jiliwa kati ya mbao mbili usiku kucha, asubuhi likawa bapa. Nikalichonga, nikalipima kwa sonara mara tano, nikipunguza kwa msasa kidogo kidogo hadi likalingana na wenzake. Ng'ombe wetu hana pembe jeusi kama la nyati. Hili lina rangi ya asali yenye mistari. Nililipachika kwenye mpini wa makali, upande unaoutazama ukikishika kisu. Kwa hiyo sasa jicho linauona mpini usioshikwa kabla kidole hakijaligusa komeo. Gramu 235. Na kisu kikafufuka.

Nikimtathmini fundi yule kwa jambo moja, namtathmini kwa hili: nilibadili kitu nilichodhani ni pambo, kumbe ndicho kilichokuwa kikikizungusha kisu.

Viungo. Mipini yangu imeshikwa kwenye msuka kwa ribiti, zimegongwa kichwa kwa nyundo pande zote mbili, na kati ya chuma na shaba kuna washa nyembamba. Hazilegei ovyo, wala huwezi kuzipoteza baharini. Ubaya ni kwamba huwezi kuzifungua kusafisha. Siku niliyokwenda nacho ufukweni Shela, mchanga ule mwororo uliingia viungoni na kisu kikawa kinasaga kama kinu. Nililazimika kukiosha kwa maji baridi, kukikausha juani na kukitia mafuta upya mara tatu. Mafuta ya nazi msiyatie viungoni, ndugu zangu wa vibandani, yanashikana na unga wa mbao na kugeuka uji. Mafuta ya cherehani, tone moja kila upande, yanatosha kwa wiki mbili.

Mpwa wangu alipokuja Idi alinionyesha chake, kilichotengenezwa kwa mkono na fundi wa Marekani. Nakisifu kwa haki. Kina skrubu, na ndani ya kila tundu la msuka kuna bushi, kijipete kigumu kilichozidi unene wa msuka kwa kiasi kidogo sana. Ukikaza skrubu hadi mwisho, unaikaza bushi, si msuka. Kwa hiyo mpini hauna mchezo wa pembeni na bado unazunguka huru. Ni fikra safi. Mipini yake ni ya titani, na pini za kuzuia zimehamishwa kutoka kwenye ubapa zikawekwa kwenye mipini. Kilizunguka mkononi mwake kama kipepeo. Nilipokishika mimi nikakata ukambaa nacho, mpini wa titani uliosuguliwa ukateleza kwenye jasho. Kimetengenezwa kwa ajili ya kuzungushwa, na kwa kuzungushwa ni bora kuliko changu. Hakikupimwa kwa karatasi ya mtu.

Kuhusu bei: mpwa wangu alilipa peso 4,000, na kazi ilichukua siku tisa. Kile chake kilimgharimu mara nyingi ya hapo. Kwa kazi ya mkono ya siku tisa, mimi ningetoza zaidi, na nilimwambia aongeze. Usafirishaji ni kwenye mzigo wa chini ya ndege, si mkobani. Na mwenye ndugu Uingereza asimpelekee zawadi hii: kuuza na kuingiza balisong huko kumekatazwa tangu 1988. Changu hakitoki kibandani ila nikienda kazini, na vijana wanaokuja kuniomba niwaonyeshe mizunguko nawaonyesha mmoja tu, wa kufungua, kwa mkono uliokauka, wakiwa wamekaa upande wa pili wa meza.

Je, mtu wa Lamu akinunue? Mvuvi, hapana, apate kisu cha mpini mmoja kisicho na tundu la kuingiza mchanga na magamba. Nahodha anayekata kamba kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika usukani, ndiyo, kwa sharti akiagize chenye chuma kisichoshika kutu. Na fundi yeyote anayechonga mipini yake mwenyewe akipate walau akishike siku moja. Wazee husimulia kwamba Siyu, kisiwani Pate, walikuwa wakifua majambia na panga zilizosifika pwani nzima. Nilikuwa nikidhani sifa ile ilikuwa ya ubapa. Ningepata jambia moja la Siyu leo, ningetazama mpini kwanza.

Nimemwandikia fundi kupitia kwa mpwa wangu, naagiza cha pili, cha binti yangu, ambaye ameanza kuchonga nakshi ndogo na anahitaji kisu cha kuchorea. Nimechora kiganja chake kwenye karatasi, kidogo kuliko changu kwa sentimita moja na nusu. Chini yake nimeandika: mabega ya makali yawe membamba, komeo liwe na kisimamizi, viungo viwe vya skrubu na bushi, pembe libaki pembe. Na kwenye mpini wa makali, tafadhali, upande mmoja uwe wa rangi nyingine. Nimetia kwenye bahasha kipande kilichobaki cha lile pembe la asali ili aone rangi ninayoisema, na nimekiandikia uzito wake juu yake kwa penseli.